Kesi za dhuluma za nyumbani: Kwa nini mlalamishi hujipata bila wakili kortini

MWANAMKE wa Mikinduri aliyepigwa na mumewe usiku huwa na milango mitatu ya kubisha kunapopambazuka. Wa kwanza ni wa wazazi wake na wazee wa ukoo. Wa pili ni wa chifu. Wa tatu ni wa kituo cha polisi, na huo ndio unaoelekea hospitalini, kisha katika korti ya Tigania na, mambo yakizidi, Mahakama Kuu mjini Meru.

Wengi huanza na mlango wa kwanza, wala si ajabu. Katika vijiji vya Tigania Mashariki, kuanzia Mikinduri hadi Thangatha na Karama, nyumba aghalabu imo katika shamba la mume au la babake mume, na pesa za miraa hupitia mikononi mwa mwanamume. Anayempeleka mumewe korokoroni leo atahitaji karo ya watoto kesho kutoka kwa mtu yule yule.

Hata hivyo, wapo wanaofika kwa polisi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya na hali ya watu uliofanywa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa wamedhulumiwa kimwili angaa mara moja tangu walipotimiza miaka 15. Kesi zinazofika mbele ya hakimu ni chache mno zikilinganishwa na idadi hiyo, na miongoni mwa hizo chache, si haba ambazo huporomoka kabla ya hukumu.

Kinachoziporomosha mara nyingi si ukosefu wa sheria. Sheria zipo, na baadhi yazo ni nzuri. Tatizo ni kwamba mlalamishi huingia kortini bila kufahamu nafasi yake ni ipi katika kesi anayodhani ni yake.

Kesi ni ya Jamhuri

Mume akishtakiwa kwa kumpiga mkewe, karatasi ya mashtaka haisemi kwamba ni kesi ya mke dhidi ya mume. Husema ni kesi ya Jamhuri dhidi ya mume. Anayeiendesha ni kiongozi wa mashtaka kutoka afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo ilipewa mamlaka hayo na Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010. Mke ni shahidi. Ni shahidi wa kwanza, na pengine bila yeye hakuna kesi, lakini machoni pa sheria ya jinai yeye ni shahidi tu.

Matokeo yake humshangaza siku ya kusikizwa. Mumewe huenda ameketi nyuma ya wakili aliyelipwa kwa mchango wa ndugu zake. Kiongozi wa mashtaka ana rundo la faili asubuhi hiyo, na pengine hajazungumza na mama huyo zaidi ya dakika tano. Mama hutazama huku na huko akimtafuta wakili wake, asimwone.

Haki ya mshtakiwa kuwa na wakili imo katika Kifungu cha 50 cha Katiba. Anaweza kumchagua amtakaye, na Serikali inapaswa kumpa mmoja kwa gharama yake iwapo haki itapotoka pakubwa bila wakili. Haki hiyo haikuandikwa ili kuwapendelea wanaume wanaowapiga wake zao. Iliandikwa kwa sababu anayeweza kufungwa ni mshtakiwa.

Aidha, katika kesi ndogo za shambulio, washtakiwa wengi hawana wakili. Hapo hutokea jambo ambalo huenda likawa gumu zaidi kwa mlalamishi: mume ndiye humhoji mkewe mwenyewe, ana kwa ana, watu wakisikiliza. Maswali huanzia kwenye chakula ambacho hakikupikwa na kuishia kwa mtoto ni wa nani. Hakimu ana uwezo wa kuyazuia maswali ya matusi au yasiyohusu kesi, lakini mama asiyejua hilo hujibu kila kitu, akalia, na ushahidi ukapotea katika machozi.

Maneno ya kwanza katika kitabu cha polisi

Kesi ya aina hii hujengwa kabla hakimu hajaiona. Jiwe la msingi ni kitabu cha matukio kilicho katika kila kituo, ambacho wananchi hukiita OB.

Tuseme mama wa mfano wetu amefika kaunta alfajiri, mkono umevimba. Anaona haya. Askari kijana anamwuliza kuna nini, naye anajibu kwa heshima aliyolelewa nayo kwamba yeye na mzee wamekosana. Askari akiandika "ugomvi wa nyumbani", jambo limekwisha kupunguzwa nusu. Miezi sita baadaye wakili wa mume atakisoma kitabu hicho na kuuliza, kama kweli alipigwa kwa mpini wa jembe, mbona siku ile alisema walikosana tu?

Maandishi hayo yanapaswa kusema ni nani aliyempiga, lini, wapi, kwa kitu gani, sehemu gani za mwili, na nani aliyeona au kusikia. Jirani aliyesikia kelele ni shahidi. Mtoto aliyekuwa chumbani pia anaweza kuwa shahidi, ingawa korti humchunguza kwanza kuona kama anafahamu maana ya kusema ukweli. Mlalamishi apewe nambari ya OB na aihifadhi, kwa kuwa ndiyo itakayotafuta faili yake kila atakaporudi.

Taarifa kamili huandikwa baadaye. Anayezungumza Kimeru peke yake ana haki ya kuisimulia kwa Kimeru na kusomewa kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi au kidole gumba. Sheria ya Kukinga Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, iliyoanza kutumika mwaka wa 2015, inampa pia ruhusa ya kuitoa kwa afisa wa jinsia yake akipenda. Sheria hiyo hiyo inamtaka polisi amweleze mlalamishi hatua anazoweza kuchukua, na amsaidie kupata matibabu na mahali salama pa kukaa. Kwa maneno mengine, askari anayemwambia mama arudi nyumbani wakazungumze na mumewe hajatoa ushauri wa busara. Amekiuka wajibu wake.

Baada ya OB huja fomu ya P3. Polisi hujaza sehemu ya kwanza, na daktari au afisa wa kliniki hujaza inayofuata. Anayevuja damu asingoje fomu. Atibiwe kwanza, katika hospitali ya Mikinduri au kokote kulipo karibu, na atunze karatasi za matibabu zenye tarehe. P3 inaweza kujazwa baadaye kwa kutegemea karatasi hizo. Kinachoharibu kesi ni mama kujikanda kwa maji moto wiki mbili, kisha kwenda hospitali wakati alama zimekwisha kufifia.

Katika fomu hiyo kuna pahali ambapo daktari hueleza ukubwa wa jeraha, na hapo ndipo shtaka hupata uzito wake. Shambulio la kawaida, chini ya sehemu ya 250 ya Kanuni ya Adhabu, lina kifungo cha mwaka mmoja. Shambulio lililosababisha madhara ya mwili, sehemu ya 251, lina kifungo cha hadi miaka mitano. Kumjeruhi mtu vibaya, sehemu ya 234, kunaweza kumpeleka mtu jela maisha. Mkono uliovunjika ukiandikwa kuwa umevimba tu kwa sababu hapakuwa na picha ya eksirei, mume atashtakiwa kwa kosa dogo kuliko alilotenda.

Iwapo mama amelazimishwa kimapenzi, kuna fomu nyingine iitwayo PRC ambayo hujazwa hospitalini, na anapaswa kufika huko kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Na hapa lazima msomaji aambiwe ukweli mchungu. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 ina kifungu kinachosema kwamba masharti yake kuhusu kukosekana kwa hiari hayawahusu watu waliooana kisheria. Hivyo ni vigumu mno kumshtaki mume kwa kumbaka mkewe. Sheria ya 2015, kwa upande wake, inataja waziwazi dhuluma ya kimapenzi ndani ya ndoa kuwa dhuluma ya nyumbani. Mke wa namna hiyo ana kinga ya korti, lakini hana shtaka la ubakaji. Wabunge waliliacha pengo hilo, na halijazibwa kwa sababu ya kutojua.

Wasichana wa Meru waliowashtaki polisi

Wapo watakaosema kwamba yote hayo ni ya vitabuni, na kwamba polisi wakikataa kuchunguza hakuna la kufanya. Jibu lilitolewa katika kaunti hii hii.

Mnamo Oktoba 2012 wasichana 11, pamoja na shirika la Ripples International lenye makao mjini Meru, waliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Meru dhidi ya Kamishna wa Polisi. Wasichana hao walikuwa wamenajisiwa, baadhi yao na watu wa nyumbani mwao au majirani. Walikuwa wamepiga ripoti. Malalamiko yao mbele ya jaji hayakuhusu tu waliowanajisi bali polisi walioketi bila kuchunguza, wasiende mahali pa tukio, wasihoji mashahidi.

Mnamo Mei 27, 2013, Jaji J.A. Makau aliamua kwamba uzembe huo ulikiuka haki zao za kikatiba, na akaamuru polisi wafanye uchunguzi wa haraka, wa kina na wa kitaalamu katika kesi zao. Uamuzi huo ulijulikana kote duniani kama kesi ya wasichana 160, kutokana na idadi ya watoto ambao habari zao zilikuwa zimekusanywa.

Kesi hiyo ilihusu watoto, na ni sharti tuseme hivyo. Lakini hoja yake ni pana. Kuchunguza ripoti ya dhuluma ni deni ambalo polisi wanadaiwa na Katiba, na anayenyimwa uchunguzi ana njia ya kulidai kortini. Ikumbukwe pia kwamba wasichana wale hawakufika huko peke yao. Walikuwa na shirika na mawakili nyuma yao, jambo ambalo mama wa Mikinduri hana asubuhi anaposimama mbele ya kaunta.

Dhamana, tarehe na wazee

Mume akikamatwa, anapaswa kufikishwa kortini katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi baada ya hapo. Na akikana mashtaka, kwa kawaida huachiliwa kwa dhamana. Mlalamishi anayemwona barabarani jioni ile huamini kwamba ametoa hongo. Mara nyingi sivyo. Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima.

Linalosahaulika ni kwamba mlalamishi naye ana neno kuhusu dhamana hiyo. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inasema usalama wake na wa familia yake uzingatiwe wakati masharti yanapowekwa. Akimweleza kiongozi wa mashtaka kwamba ametishiwa, hakimu anaweza kumwamuru mume asikaribie boma na asimpigie simu. Asiposema, hakimu hawezi kubuni.

Kisha huanza safari ya tarehe. Kesi hutajwa, huahirishwa, hupangiwa siku nyingine. Daktari aliyejaza P3 amehamishwa, ingawa sheria ya ushahidi huruhusu mwenzake anayeifahamu sahihi yake kuiwasilisha fomu hiyo. Afisa mpelelezi yuko kwenye mafunzo. Kila tarehe ni nauli ya matatu na siku moja bila kibarua. Hapo ndipo wazee huingia.

Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, lina makao yake Nchiru, katika Tigania hii hii. Ni taasisi inayoheshimiwa, na imewahi kutumia heshima hiyo kubadili mambo mazito ya nyumbani. Mwaka wa 1956 wazee hao walipiga marufuku ukeketaji, na wasichana wengi wakakaidi kwa kujikata wenyewe. Tangu hapo baraza hilo lina somo kwamba neno la wazee lina nguvu, ila nguvu hiyo ina mipaka pale ambapo wanaohusika hawakuulizwa. Kwa desturi ni baraza la wanaume.

Wazee wa ukoo wakiombwa kupatanisha, hutoza mbuzi au fahali, hukaripia, hula pamoja na wahusika, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Katiba haikatazi upatanisho wa kimila. Kifungu cha 159 kinahimiza utumike, mradi usikiuke haki za binadamu. Na sehemu ya 176 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai huruhusu korti kuhimiza mapatano katika makosa ya shambulio la kawaida, yasiyo mazito. Ugomvi ambao mtu alisukumwa mara moja waweza kuishia hapo bila mtu kudhulumiwa.

Lakini mkono uliovunjika si jambo la mbuzi. Wazee hawana uwezo wa kufuta shtaka la Jamhuri, na wengi wao wanalijua hilo. Ndiyo sababu hawamwendei hakimu. Humwendea mke.

Humwambia asiende kortini siku fulani. Mlalamishi aliyearifiwa akikosa kufika, sehemu ya 202 ya kanuni hizo humruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa, isipokuwa aone sababu ya kuahirisha. Au humwambia aende, aseme amesamehe na anaondoa malalamiko, chini ya sehemu ya 204. Hakimu halazimiki kukubali. Anapaswa kuridhika kwamba sababu zinatosha, na mahakimu makini humwuliza mama amekuja na nani, nani amemlipia nauli, na kama amelala kwake au kwa wazazi wake.

Jambo ambalo mama haambiwi ni hili. Kesi ikiondolewa chini ya sehemu ya 204, mume huhesabiwa kuwa hana hatia, na hawezi kushtakiwa tena kwa kipigo kile. Kiongozi wa mashtaka akiiondoa chini ya sehemu ya 87(a) kabla ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, huachiliwa tu, na kesi inaweza kufufuliwa. Kwa mwanamke anayerudi katika nyumba ile ile, tofauti ya nambari hizo mbili ni kubwa. Mume akimpiga tena, kipigo cha kwanza ama bado ni deni au kimefutwa milele. Wakili angemweleza hayo kwa dakika mbili.

Vilevile, wapo wanaoamini kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Hiyo ni imani ya zamani isiyohusu kesi hizi. Sehemu ya 127 ya Sheria ya Ushahidi inasema mume akishtakiwa kwa jambo lililomdhuru mkewe au watoto wao, mke anaweza kutoa ushahidi, na anaweza hata kulazimishwa kuutoa.

Wakili wa mlalamishi anaruhusiwa kufanya nini

Je, mlalamishi anaweza kuwa na wakili? Anaweza. Sheria ya 2014 inasema kwamba pale ambapo maslahi ya mwathiriwa yameguswa, korti iruhusu maoni na hofu zake zielezwe, na yanaweza kuelezwa na mwakilishi wake wa kisheria. Kwa muda mrefu mahakimu walitofautiana kuhusu mipaka ya jambo hilo. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Joseph Lendrix Waswa dhidi ya Jamhuri, iliamua kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki kwa idhini ya korti, ila asigeuke kuwa kiongozi wa pili wa mashtaka. Rufaa hiyo ilitokana na kesi ya mauaji, lakini msimamo wake unafuatwa na korti za chini.

Kwa hivyo wakili wa mama hatamhoji mumewe apendavyo. Atapinga dhamana isiyo na masharti, ataomba tarehe za karibu, atahakikisha shahidi aliyesahauliwa ameitwa, na wakati wa adhabu atawasilisha maelezo ya jinsi kipigo kilivyomwathiri na kuomba fidia. Zaidi ya yote, atakuwa mtu mmoja katika jengo hilo anayezungumza na mlalamishi kabla ya mlango kufunguliwa.

Kumpata ndiyo kazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa wasiojiweza, lakini mahitaji yameizidi mbali. Chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1985, huwapa baadhi ya wanawake mawakili wa kujitolea, na huwafundisha wengine jinsi ya kujiwakilisha wenyewe kortini. Mafunzo hayo yanaweza kuonekana kama njia ya maskini. Kwa maoni ya mwandishi huyu, katika mji ambao mawakili ni wachache, huenda yakafaa kuliko ahadi ya wakili ambaye hatafika. Nambari ya simu isiyolipishwa, 1195, hupokea ripoti za dhuluma za kijinsia na kuwaelekeza wanaopiga.

Mlango ambao hauhitaji polisi

Kuna kesi nyingine ambayo mama ndiye mwenyewe. Chini ya sheria ya 2015, anayedhulumiwa anaweza kumwendea hakimu kuomba amri ya ulinzi. Hii si kesi ya jinai. Hakuna anayetafuta kumfunga mtu. Mwombaji anaiambia korti kwamba anaishi kwa hofu, na kuomba hofu hiyo izuiwe.

Sheria hiyo inatazama mbali zaidi ya kofi. Inataja matusi, vitisho, kumfuatafuata mtu, kumfungia nje ya nyumba, kuharibu mali yake na kumnyima matumizi. Inataja pia mambo ambayo Tigania inayafahamu vyema: ukeketaji, ndoa za watoto, kurithi mjane kwa nguvu, na hata wakwe kuingilia ndoa. Haiwahusu mume na mke pekee. Mchumba, aliyeachwa, mzazi anayepigwa na mwanawe aliyelewa, wote wamo, na mume anayepigwa na mkewe pia yumo.

Pale ambapo kungoja kunaweza kuleta madhara, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiza upande wa pili, kisha akamwita aje ajieleze. Amri inaweza kumkataza mume kuingia nyumbani au kazini kwa mke, kumtaka asalimishe silaha, kumruhusu mke na watoto waendelee kukaa katika nyumba hata kama si yao, au kumwamuru mume atoe pesa za dharura. Anayeikiuka huweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au yote mawili.

Wanawake wengi hawajasikia habari za amri hii, na hata baadhi ya wanaofanya kazi katika vituo vya polisi huizungumzia kana kwamba ni ya Nairobi. Ilhali ndiyo inayomfaa zaidi yule tuliyeanza naye, ambaye hataki babake watoto wake afungwe bali anataka alale bila kuogopa. Inaweza kuombwa kesi ya jinai ikiendelea, au bila kesi hiyo kuwapo kabisa. Kiwango cha ushahidi nacho ni cha kesi za madai, si kile cha kuthibitisha bila shaka yoyote.

Ugumu wake ni utekelezaji. Amri ni karatasi, na lazima mume aipokee rasmi, na kituo cha polisi kiwe na nakala. Mwenye amri hiyo abaki na nakala yake kwa jirani au kwa mamake, kwa kuwa nakala iliyo kabatini ndiyo ya kwanza kuchanwa.

Na kesi ya jinai ikimalizika kwa mume kufungwa, bado haijaisha. Ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, na anaweza kuomba dhamana akingoja rufaa hiyo isikizwe mjini Meru. Mlalamishi hana rufaa yake mwenyewe. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayeweza kukata kwa niaba ya Jamhuri. Ana haki, hata hivyo, ya kupashwa habari za kesi hiyo. Asipoacha nambari ya simu inayopatikana kwa kiongozi wa mashtaka, habari ya kwanza kwamba mumewe ameachiliwa huenda akaipata kwa kumwona akifungua lango.